Ulimi Ulioingia Chumbani kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alilambwa sikio na ng'ombe.

Kabla hujasema hilo ni jambo la kawaida kwa mtu wa kijijini, subiri nimalize. Alilambwa akiwa amelala kitandani. Ndani ya chumba. Mlango umefungwa kwa komeo, dirisha lina nondo, na ng'ombe mwenyewe yuko nje.

Na chumba chenyewe nilikijenga mimi.

Naitwa Fausta, lakini ukifika Balangdalalu ukauliza Fausta, watu watakutazama tu. Uliza Mama Angela wa chai. Hata mbwa atakupeleka.

Nimekulia stendi ya Katesh nikiuza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi. Shule yangu kubwa ni midomo ya watu. Hilary aliponioa na kunileta huku, mbele ya nyumba yake kulikuwa na mgunga mkubwa, barabarani kabisa, na chini yake hakuna kitu. Nikaona huyu mwanaume amekaa na dhahabu na hajui.

Nikaweka benchi. Nikaweka jiko na sufuria.

Basi la kwenda Haydom, kwenye hospitali kubwa, likisimama, wanashuka waliosindikiza wagonjwa, wanashuka walimu na manesi waliopangiwa kazi kutoka mikoa ya mbali. Wafugaji nao wanatokea porini na fimbo zao. Wote wanakaa kwangu kivulini. Nani kaolewa, nani karudishwa kwao, mwalimu gani kahamishwa na sababu yenyewe hasa ni ipi, yote nayapata palepale yakiwa ya moto.

Ukininyima chakula nitavumilia. Ukininyima watu, nichimbie kaburi.

Sasa, mume wangu Hilary ni fundi wa matofali. Ni mpole, hana neno na mtu, lakini ukigusa habari ya tofali la kuchoma anabadilika sura. Kwake yeye nyumba isiyo ya tofali la kuchoma ni kichaka chenye mlango.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, ndiyo kwanza tumetengana na Arusha, wakati baba mkwe alipofariki kule Nambis, Mbulu. Ndugu za Hilary wakagawana ng'ombe. Mama Severina, yaani mama mkwe wangu, akabaki na kuku na hasira.

Ikaamuliwa aje kukaa kwetu. Sawa, karibu sana. Shida ni kwamba hatukuwa na chumba.

Hilary akasema hiyo ni kazi ndogo, ni tanuru moja tu la matofali. Nikamuuliza kuni atatoa wapi, maana miti ya karibu ilishaisha, na mingi ilimalizikia kwenye matanuru yake mwenyewe.

Akaangalia juu.

Na mimi nikaangalia juu.

Tukawa tunaangalia mgunga.

"Hilary, thubutu."

"Ni mama yangu mzazi, Mama Angela."

"Na ule ndio mgunga wangu."

Tukaishia hapo. Lakini asubuhi nikamkuta ananoa shoka huku anapiga mluzi. Mtu akishafikia hatua ya kunoa shoka kwa mluzi, ujue moyoni ameshaukata mti, bado mikono tu.

Nilikosa raha. Ule mgunga ukianguka, nani atakuja kunywa chai juani? Ningebaki mimi na Hilary tunatazamana, yeye ananielezea mambo ya matofali.

Wiki hiyohiyo akaja dada mmoja anaitwa Mectilda, afisa maendeleo ya jamii, mtu wa kutoka Kagera, ana sauti nzito na kicheko cha kuamsha mtaa. Alikuwa anasubiri basi. Nikammwagia shida yangu kama ninavyommwagia kila mtu.

Mectilda akaokota kijiti, akanichorea chini. Akasema kuna watu wanajenga kwa chupa za plastiki. Unajaza udongo, unashindilia mpaka chupa inagoma kama jiwe, unaitandika kama tofali, unaunganisha kwa tope. Hukati mti, huchomi kitu, na takataka nazo zinapata kazi.

Nikageuka nikaangalia barabara.

Tangu biashara ilipofunguliwa na maji ya chupa yakafika mpaka kwetu, abiria walikuwa wanarusha chupa madirishani kama watu wanaopanda mbegu. Pembeni ya barabara palikuwa panang'aa. Kumbe nyumba yangu ilikuwa imelala pale miaka yote.

Nikamwendea Hilary, tukawekeana dau. Mimi najenga chumba bila kukata hata tawi. Mama akifika, alale humo, halafu aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hiki ni chumba. Akisema, mgunga unabaki. Akikataa, shoka ni lako na mti ni wako.

Hilary alicheka mpaka akakaa chini. Alikubali haraka mno, na nilijua kwa nini. Anamjua mama yake. Mama Severina hajawahi kusifia kitu tangu azaliwe. Siku ya harusi yetu watu walimuuliza chakula kilikuwaje, akasema hakikuungua sana.

Basi nikaanza kazi.

Utaniuliza nani alinijazia chupa zote zile. Nitakuambia. Wanywaji wa chai.

Niliweka sheria moja tu. Unataka umbea, shika chupa. Nilikuwa naanza kisa taratibu, watu wanasogea, benchi zinalia. Nikifika penye utamu nanyamaza, naangalia chupa. Haijajaa? Basi na mimi sikumbuki kilichofuata.

Walishindilia wale watu. Kuna kondakta mmoja alijaza chupa tano kwa kisa kimoja cha mchungaji na mpishi wake, na basi lilikuwa linapiga honi muda wote huo.

Vitu vingine nikaviokoteza hivyohivyo. Mlango ni bati la mapipa ya mafuta, limepigwa nyundo mpaka likanyooka. Kizingiti ni tairi la lori. Mfereji wa kukinga maji ya mvua ni madumu ya mafuta ya kula yaliyopasuliwa katikati. Pazia lilikuwa gauni la harusi la mitumba, la mnadani, ambalo mwenyewe aliyelivaa sijui yuko nchi gani na ndoa yake iliishaje.

Kikabaki kitu kimoja. Tope la kuunganishia chupa na kukandika ukuta. Udongo wetu wa pale ni ule mweusi, unafaa kujaza chupa, lakini ukiukandika ukutani unapasuka kama kisigino.

Nikamwita Gidamis.

Gidamis ni mfugaji, Mbarabaig, mteja wangu wa kila siku. Mrefu, shuka nyeusi, maneno machache. Ana punda wa kutosha na anaijua nchi yote kuanzia mlimani mpaka ziwani.

Nikamwambia, "Gidamis, niletee udongo mzuri kuliko wote unaoujua."

Akaweka kikombe chini. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

"Mzuri kuliko wote?"

"Kuliko wote. Usinifiche."

"Unataka kuuweka hapa? Barabarani?"

"Hapahapa, kila anayepita auone."

Akasema, "Wewe ni mtu mzuri, Mama Angela." Nikadhani anasifia chai.

Baada ya siku chache punda wakaja na viroba. Ulitoka upande wa Ziwa Balangida, udongo wa kijivu, laini. Nikataka kumlipa, akakataa kabisa, kama vile nimemtukana. Akanywa chai, akaondoka.

Jamani, ule udongo. Tope lake lilinata vizuri mno. Ukuta ulipanda bila tabu, na ulipokauka ukatoa weupe mzuri, utadhani tumepiga chokaa. Vizibo vya chupa vimechomoza kwa rangi zake, vyekundu, bluu, kijani. Mectilda alipopita akasema hicho chumba kimeshinda hata kile cha kwenye mafunzo.

Hilary alikuja kukagua. Akagonga hapa, akagonga pale, akanuna.

Halafu wakaanza kuja wafugaji nisiowajua. Wengine walitoka mbali, unaona kwa vumbi la miguuni. Hawaulizi chai kwanza. Wanaenda moja kwa moja kwenye chumba, wanauzunguka ukuta, wanaupapasa, kisha wanapeleka kidole mdomoni na kutikisa kichwa polepole.

Nikadhani ndivyo wanavyopima udongo. Kila watu wana utaalamu wao.

Mzee mmoja aliniwekea mkono kichwani akanibariki kwa Kibarabaig, maneno marefu, mpaka machozi yakanilenga. Sikuelewa hata neno moja. Jioni nikamwambia Hilary, unaona? Wafugaji wameelewa habari ya kutunza mazingira, umebaki wewe fundi.

Gidamis akaniuliza nitamaliza lini. Nikamwambia mama mkwe akija, akishazoea kidogo, waje wote waone.

"Na ng'ombe?"

Nikacheka. "Leteni na ng'ombe. Hapa kwangu hafukuzwi mtu."

Gidamis hakucheka. Alinipa mkono.

Mama Severina akashuka kwenye basi siku ya Jumanne, ana fimbo, ana kibuyu, ana kuku kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa."

Tukampeleka chumbani. Akagonga ukuta kwa fimbo. Akakanyaga tairi la kizingiti mara mbili kama anayetaka kuliumiza. Akasimama mbele ya lile gauni la harusi dirishani, akalitazama sana.

"Huyu naye anaolewa lini?"

Akakaa kitandani, akauliza ng'ombe wako upande gani. Hilary akamwambia kwa sauti ya chini kwamba sisi hatuna ng'ombe, mama, mimi ni fundi.

Mama Severina akaangalia mikono yake. "Sasa asubuhi nikiamka namsalimia nani?"

Nilijisikia vibaya kidogo. Lakini mgunga wangu ulikuwa kwenye mizani, sikuwa na nafasi ya kujisikia vibaya sana.

Kesho yake Hilary alikuwa mlangoni mapema, shoka begani, eti alikuwa anapita tu. Akamuuliza mama yake amelalaje, na je, hiki ni chumba?

"Nitasema nikiwa tayari."

Siku iliyofuata, jibu lilelile. Nyingine, vilevile. Kila siku anakula, anatoka anakaa nje peke yake, anaangalia barabara, anarudi ndani. Hasifii, halaumu. Hilary akaliegemeza shoka kwenye shina la mgunga, likawa linanisubiri pale mchana kutwa.

Ndipo ikafika ile siku.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mama mkwe alikuwa amejifungia, amelala. Basi limesimama, benchi zimejaa mpaka watu wamekaa kwenye madumu. Mimi niko penye utamu wa kisa cha nesi mmoja na barua ya uhamisho.

Tukaona vumbi.

Tukasikia kengele za ng'ombe. Si kengele moja wala mbili. Kundi likatokea ng'ambo ya barabara, na nyuma yake kundi lingine, na nyuma yake wafugaji wamevaa shuka safi, wametulia kama watu wanaokwenda kanisani. Mbele kabisa ni Gidamis.

Nikasema moyoni, masikini Gidamis, kweli kaja kuona nyumba.

Ng'ombe hawakupita kwenda majini. Walikata kona. Walikwenda moja kwa moja kwenye chumba changu, wakakizunguka pande zote, wakatoa ndimi.

Wakaanza kulamba.

Sauti yake ilikuwa kama maseremala wote wa wilaya wanapiga msasa kwa pamoja. Ukuta wangu mweupe ukawa unaisha hivihivi naona. Mimi mdomo wazi, sufuria mkononi. Dereva wa basi alizima gari akashuka, akasema leo wagonjwa watasubiri kidogo.

Chupa moja ikachomoka ukutani, ikabingirika mpaka miguuni kwangu. Ikafuata nyingine.

Halafu tukasikia sauti kutoka ndani. Sauti ya Mama Severina, nzito ya usingizi, imetulia kabisa.

"Mama Angela. Mtoe huyu mtu."

Tulikimbia, mimi na Hilary. Tukagonga, tukasukuma, komeo halifunguki. Hilary akaupiga mlango bega, mlango wa mapipa ukalia kama ngoma, ukafunguka.

Mama yuko kitandani, macho amefumba, kitambaa cha kichwa kimehamia shingoni, sikio lote limelowa. Juu ya mto wake, pale chupa ilipochomoka, kuna tundu. Kwenye tundu kuna ulimi. Mrefu, wa kijivu, unapapasa taratibu huku na huku, kama mkono wa mtu anayetafuta kiberiti juu ya kabati.

Ukalipata sikio tena.

"Mtoe," akasema. "Ana ndevu."

Hilary aliangalia ulimi. Akaangalia ukuta. Kisha, mume wangu wa ndoa, akatabasamu.

"Mama Angela, mimi tofali langu halijawahi kuliwa."

Akatoka kwenda kwenye mgunga. Kwenye shoka.

Nilimfuata Gidamis nikiwa sioni mbele. Nikamwambia atoe ng'ombe wake kwenye nyumba yangu sasa hivi.

"Nyumba?" Alishangaa kweli, si kwa kuigiza. "Nyumba ya nani?"

Akanieleza hivi. Uliomba udongo mzuri kuliko wote, Mama Angela. Ndio huu. Ni udongo wa chumvi, ng'ombe wanatembea mchana kutwa kuufuata kule ziwani, ndama wengine wanachoka njiani. Nikawaambia watu kuna mama wa chai pale barabarani anawawekea ng'ombe wetu chumvi, tena bure, tena anaisimamisha ukutani ili hata ng'ombe wadogo wapate nafasi. Watu hawakuamini. Wakaja kuonja. Wakaamini. Wazee wakakubaliana asiguse mtu mpaka mwenyewe aseme. Na mwenyewe ulisema tulete ng'ombe.

Kumbe zile baraka zote. Yule mzee. Wale waliotikisa vichwa.

"Gidamis, na kitanda? Ulikiona kitanda mle ndani."

"Nilikiona. Nikajua ni cha mlinzi."

"Na mama mkwe wangu?"

Gidamis akashusha sauti kwa heshima. "Nikajua ndiye mlinzi."

Nyuma yangu nikasikia shoka. Pigo moja, ko, kwenye shina. Nilisikia kama limenipiga mimi kwenye goti.

"Hilary, weka chini."

Sio mimi niliyesema. Mama Severina alikuwa mlangoni, amesimama juu ya tairi, fimbo mkononi, sikio linang'aa. Watu wa basi wote wakamgeukia. Ng'ombe tu ndio walikuwa wanaendelea na shughuli yao.

Akauliza yule mwenye madoa, pale upande wa mto wa kulalia, ni wa nani.

"Wangu, mama," Gidamis akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Anaitwa nani?"

Gidamis akataja jina, refu, la Kibarabaig, sisi wengine hatukulishika hata nusu. Mama Severina alilirudia mara moja, sawasawa. Akazunguka nyuma ya chumba, akamkuna yule ng'ombe chini ya kidevu. Ng'ombe akafumba macho.

Ndipo akamgeukia mwanawe.

"Kila siku unaniuliza kama hiki ni chumba."

Nilishika sufuria kwa mikono miwili. Nilijua sasa mgunga wangu unakwenda.

"Nyumba yangu ya Nambis uliijenga wewe, kwa matofali yako ya kuchoma. Imara sana. Tangu ng'ombe waondoke pale, nimelala ndani yake na hakuna kiumbe kilichonigusa." Akajifuta sikio kwa pembe ya kitenge, taratibu, kama hataki likauke. "Hiki ni chumba."

Hilary akafungua mdomo.

"Na huo mti ukiukata, hawa wageni wa mkeo watapumzika wapi?"

Dereva wa basi alipiga makofi, na wengine wakamfuata. Hilary akaliangalia shoka kama la mtu mwingine, akaenda kuliweka ndani.

Kidonda kile kimoja bado kipo kwenye mgunga. Nimetundika kikombe juu yake.

Ukuta tuliukwangua wote, wafugaji wenyewe walinisaidia huku wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mectilda alikuja kuona, akacheka zaidi yao. Tukaukandika upya kwa udongo wa kichuguu na samadi, na samadi siku hiyo haikuwa ya kutafuta. Ule udongo wa chumvi tuliuweka kwenye matairi ya lori yaliyopasuliwa, chini ya mgunga, upande wa pili wa benchi zangu. Gidamis analeta mwingine ukiisha.

Ng'ombe wanalamba, wenyewe wanakunywa chai, na umbea sasa unanifikia mpaka wa porini. Mama Severina anakaa katikati na fimbo yake, anagombeza ng'ombe wanaosukumana na vijana wanaochelewa kusalimia. Watu wote wanamwita Mlinzi. Hilary siku hizi anajengea watu vyoo vya chupa. Anasema aligundua mwenyewe.

Basi na wewe unayesoma, kama unataka kujenga, angalia kwanza kilichotupwa mlangoni kwako kabla hujaangalia mti uliosimama. Chupa hazikuniangusha. Kilichoniangusha ni kuomba "kizuri kuliko vyote" bila kuuliza kizuri kwa nani. Na ukisema karibuni wote, upime maneno yako, kwa sababu kuna watu wanakuja kweli, na wanakuja na mifugo.

Ila kuna chupa moja mama mkwe alitukataza tusiikandike. Ile ya juu ya mto. Kila asubuhi anaichomoa, kama mtu anayefungua dirisha, na mimi nikiwa nawasha jiko nje nawaona ng'ombe wa Gidamis wanapita, yule wa madoa anabaki nyuma, anasogea ukutani.

Kisha namsikia Mama Severina ndani, anaitikia:

"Marahaba."